Uzi: Kalibu ya silikoni ya kumwagia chambo laini, kuanzia kielelezo mpaka plastiki

Kolekole wa Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Humu tunazungumza sana kuhusu chambo laini cha plastiki, vile visamaki vyenye mkia unaopiga na vile vya umbo la kamba, na kila mara maongezi yanaishia kwenye bei. Pakiti inaagizwa nje, inafika, halafu mzia anaikata mikia yote asubuhi moja. Nimefungua uzi huu kwa wanaotaka kujitengenezea. Sitaanza na plastiki. Naanza na kalibu kwa sababu plastiki ikiharibika unaiyeyusha tena, lakini kasoro iliyomo ndani ya kalibu utaikuta kwenye kila chambo utakachomwaga.

Na mtu asidhani hii ni kazi ya viwanda pekee. Chambo cha aina hii kilianzia nyumbani: mwaka 1949 Nick Creme na mkewe Cosma, wa Akron, Ohio, Marekani, walikuwa wakimwaga minyoo ya plastiki nyumbani kwao kabla haijawa biashara kubwa.

Kielelezo, yaani umbo la chambo ambalo kalibu italinakili, ndicho cha kwanza. Unaweza kuchonga mti laini au kufinyanga plastisini. Mimi mwili naufinyanga, halafu mkia nauchonga peke yake kwenye kipande chembamba cha plastiki ngumu, kwa sababu mkia wa plastisini hauvumilii kuguswa. Kwa kolekole, changu na chewa wadogo wa mikokoni, urefu wa sentimita 8 hadi 10 unatosha.

Kaa sana kwenye shingo ya mkia, pale mwili unapokwisha na kisahani, ile ncha bapa ya mkia, kinapoanza. Ukiiacha na unene wa milimita 5, mkia hausogei mpaka uvute kwa kasi. Ukiipunguza mpaka milimita 2 au 3, unapiga hata ukivuta polepole, na mwili mzima unatikisika, ila utakatika mapema. Kisahani chenyewe kikingame na mwili ili maji yakisukume. Mimi nachagua shingo nyembamba na kukubali kukatika, kwa sababu chambo kisichotikisika hata kikidumu mwaka hakina kazi.

Magamba yapo hapohapo nyumbani: kata kipande cha chandarua, kitandaze juu ya plastisini, bonyeza taratibu kwa kidole, kiinue. Jicho ni kichwa cha pini. Silikoni inanakili kila kitu, mpaka alama ya kidole chako, na inanakili mng'ao pia. Kielelezo kikiwa na uso mkavu usiong'aa, chambo kitatoka hivyohivyo. Cha mti kipige msasa laini, kisha vanishi mpaka king'ae, na ukiache kikauke kabisa.

Inaendelea.

Kolekole wa Tanga

Sasa silikoni. Za kumwaga ziko za aina mbili kubwa, na ukizichanganya kichwani utapoteza pesa.

Ya kwanza hukazwa kwa bati. Nyingi unachanganya kwa uzito, sehemu kubwa ya silikoni na hadena (dawa ya kuikazia) kidogo, kwa mfano gramu 100 kwa gramu chache tu. Ni nafuu na haichagui kielelezo. Kasoro yake husinyaa kidogo, na kalibu huchoka mapema hata ikikaa kabatini.

Ya pili hukazwa kwa platini. Nyingi ni nusu kwa nusu, haisinyai kiasi cha kuonekana, na hudumu. Lakini ina maadui: salfa, misombo ya bati na baadhi ya kemikali za gundi na rangi. Baadhi ya plastisini ina salfa. Glavu za mpira wa lateksi nazo ni tatizo. Ikigusana na vitu hivyo, sehemu ile haishiki, inabaki kunata hata ukingoja wiki. Kabla ya kumwaga, paka tone dogo kwenye kona ya kielelezo usikokuhitaji, ungoje muda ulioandikwa kwenye kopo. Likishika vizuri, endelea.

Zote mbili zinapatikana kwa wauza vifaa vya faibaglasi na vya mapambo ya rezini. Angalia ugumu wake: kwa kazi yetu Shore A (kipimo cha ugumu wa mpira) 20 hadi 30 ni nzuri. Laini zaidi ya hapo kalibu inalegea ukiifunga, ngumu zaidi inakunyima kukunja ukitoa kielelezo.

Kiasi cha silikoni usikikisie. Boksi lako likishakuwa tayari na kielelezo ndani, jaza mchele mpaka juu, kisha uumimine kwenye kikombe cha vipimo. Mililita 200 za mchele ni mililita 200 za silikoni, na kwa kuwa ni nzito kidogo kuliko maji andaa gramu 220 hadi 240. Futa vumbi la mchele vizuri baadaye.

Wa Mtwapa

Ndugu, asante kwa uzi. Kwa nini usitumie POP tu, ile plasta ya unga? Mafundi wa dari huku wanayo tele, na mfuko mmoja unatoa kalibu nyingi sana.

Kolekole wa Tanga

Swali zuri, na jibu si kwamba POP ni mbaya. Chambo ni laini, kinachomoka kwenye kalibu ngumu bila taabu. Shida ya POP ni mbili. Kwanza kielelezo kigumu chenye magamba na mikunjo hakitoki bila kuumega ukingo. Pili POP inanyonya maji. Plastiki ya moto ikigusa unyevu, maji yanageuka mvuke na unapata matundu, au plastiki inakurukia. Ukiitumia, iache ikauke siku nyingi, kisha ipake epoksi au tabaka kadhaa za gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa. Kwa minyoo iliyonyooka na chambo bapa upande mmoja, POP inatosha kabisa. Kwa samaki mwenye magamba na mkia, nenda silikoni.

Wa Mtwapa

Sawa. Na je, kuchukua chambo cha dukani na kukifanya kielelezo? Ninacho kimoja kimebaki.

Kolekole wa Tanga

Inawezekana, lakini tahadhari: chambo hizo ni za plastiki ya PVC laini, na nyingi zina vidhibiti vyenye bati, na silikoni ya platini inaweza kukataa kushika. Tumia ile ya bati. Pia chambo laini hupinda chini ya uzito wa silikoni, kwa hiyo kinate kwenye kioo kwa supaglu upande wa tumbo, au kishikilie kwa sindano.

Niseme na lingine waziwazi. Kunakili umbo la mtu kwa ajili ya kuuza si haki, amelifanyia kazi. Chonga lako. Visamaki wanavyokula kolekole wa Mtwapa unavijua wewe kuliko kiwanda chochote cha ng'ambo.

Kolekole wa Tanga

Naendelea na kalibu ya vipande viwili, ndiyo yenye maswali mengi.

Chukua ubao au kioo, tandaza plastisini, laza kielelezo, kifukie nusu hasa mpaka mstari wa katikati ya mwili. Mstari huu ufuate kwa subira. Plastisini ibane kielelezo kote bila mwanya; mwanya wa milimita moja utakupa ukingo wa plastiki unaoning'inia kwenye kila chambo. Kwa kitako cha kalamu bonyeza vishimo vinne pembeni, hivyo ndivyo vitakavyofanya nusu mbili zikae mahali pake. Kutoka kichwani mwa kielelezo weka kijiti cha unene wa penseli mpaka ukingoni. Hapo ndipo mlango wa kumwagia. Kwenye ncha ya mkia weka uzi mwembamba wa mshipi mpaka nje. Hiyo ni njia ya hewa.

Zungushia kuta za plaiwudi au vipande vya plastiki ngumu, ziba pembe kwa gundi ya moto. Ukuta uwe mbali na kielelezo sentimita moja au zaidi.

Pima kwa mizani ya jikoni ya dijitali, kamwe si kwa macho. Koroga polepole ukikwangua kuta na kitako, halafu hamishia kwenye kikombe kingine na ukoroge tena. Silikoni isiyochanganyika hujificha chini ya kikombe cha kwanza. Kama huna pampu ya kuvuta hewa, usiogope. Paka kwanza tabaka jembamba kwa brashi juu ya kielelezo kizima, hasa kwenye shingo na nyuma ya kisahani, upulize taratibu mpaka viputo vipasuke. Kisha mwaga kutoka juu, mkondo mwembamba, kwenye kona moja tu ya boksi, iache itambae yenyewe mpaka ikifunike kielelezo. Mkondo mwembamba hupasua viputo njiani.

Ikishika, geuza, ondoa plastisini yote, kielelezo kibaki ndani ya nusu ya kwanza. Hapa pana jambo moja la lazima: silikoni haishikamani na karibu kitu chochote isipokuwa silikoni mwenzake. Paka Vaseline nyembamba sana juu ya uso wa nusu ya kwanza, ifike kila mahali pamoja na vile vishimo. Usiijaze kwenye magamba ya kielelezo. Kisha mwaga nusu ya pili.

Kalibu ya bati usiitumie siku ileile. Inaposhika hutoa pombe kidogo, na pombe hiyo ikibaki ndani plastiki ya moto itatoa viputo. Iache wazi siku kadhaa.

Sangara Mwanza

Mkuu, nimeelewa sana. Huku ziwani chambo cha sangara ni kikubwa, sentimita 15 na kuendelea, na mwili mpana. Boksi la hivyo linakula silikoni mpaka unaahirisha. Kuna njia?

Kolekole wa Tanga

Ipo. Badala ya kujaza boksi, paka silikoni kwa brashi tabaka baada ya tabaka mpaka ifike unene wa milimita 5 au 6 hivi, kisha juu yake mwaga POP iwe ganda la kuishikilia. Silikoni inachukua umbo, POP inabeba mzigo. Tabaka linalofuata lipake la kwanza likiwa bado linanata kidogo, usingoje likauke kabisa. Hapa POP haigusi plastiki kwa hiyo unyevu wake hausumbui sana, ila usiiweke juu ya moto.

Njia nyingine kwa kielelezo chembamba: kining'inize katikati ya boksi, mwaga mara moja mpaka kifunikwe chote, ikishika kata kwa kisu kikali kwa mstari wa mapindapinda. Mapindo hayo ndiyo yanayorudisha nusu mbili mahali pake, huhitaji vishimo wala Vaseline.

Fundi Chipukizi

Mimi mwanafunzi, silikoni ya kumwaga siimudu. Hakuna ya hali ya chini?

Kolekole wa Tanga

Ipo mdogo wangu, na inafundisha vizuri. Nunua silikoni ya bafuni kwenye duka la hadweya, ile inayonuka siki ikitoka. Ichanganye na konflawa, kiasi kwa kiasi au konflawa zaidi kidogo, ukande kwa glavu za naitrili mpaka iwe donge lisilonata. Konflawa inabeba unyevu mpaka ndani, ndiyo maana donge zima linashika kwa muda mfupi. Bila hiyo ingeganda juu tu na ndani kubaki mbichi kwa siku nyingi. Paka kielelezo mafuta au sabuni ya maji, kisha kandamiza donge juu yake kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki.

Fanyia nje, ile harufu inachoma macho. Kalibu yake ni ngumu kiasi, inasinyaa kidogo, na magamba madogo hayatoki vizuri. Kwa chambo bapa cha kumwagia wazi, inafanya kazi. Kama unachonga kwa mti badala ya plastisini itakuwa rahisi zaidi kwako, maana donge ni zito na linakandamiza.

Bi Ngisi

Assalaam aleikum. Mimi niko Unguja, na mume wangu anataka kuyeyusha plastiki hizi jikoni kwangu. Watoto wako ndani. Naomba jibu la kweli kuhusu moshi wake.

Kolekole wa Tanga

Waaleikum salaam dada. Jibu ni hapana, jikoni hapana.

Plastiki hii inaitwa plastisoli, ni PVC iliyochanganywa na kilainishi. Ikiwa mbichi ni kimiminika cheupe. Ukiipasha inakuwa kama uji ulioshika, kisha ikifika nyuzi joto 160 hadi 175 hivi inageuka kimiminika angavu, na hapo ndipo inamwagwa. Ikipita sana hapo inaanza kuwa njano, kisha kahawia, na inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu inakuwa tindikali. Hata kabla ya kuungua ina mvuke usiofaa kuvutwa.

Kwa hiyo: nje, upepo ukitoka mgongoni kwako. Barakoa iwe yenye vichujio vya mvuke wa kemikali na gesi za tindikali, ile ya kitambaa au ya hospitali haisaidii. Kipimajoto ni lazima. Sufuria au kikombe kilichotumika hakirudi jikoni tena, na maikrowevu ya chakula isiguswe kwa kazi hii. Vaa mikono mirefu, glavu za kuzuia joto na viatu vilivyofunikwa, kwa sababu plastisoli ya moto inanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Ndoo ya maji ya kupozea mkono iwe karibu, lakini tone lisiingie kwenye plastiki. Watoto wawe mbali kabisa. Ikigeuka kahawia na kutoa moshi, zima moto na ondokeni, usijaribu kuiokoa.

Mwambie shemeji aje humu, tutazungumza naye.

Bi Ngisi

Ahsante sana. Amesoma. Amekubali kwenda nyuma ya nyumba, na barakoa anatafuta.

Wa Mtwapa

Hiyo plastisoli tutaitoa wapi? Wachapa fulana wanayo, nimeiona kwenye makopo.

Kolekole wa Tanga

Ile ni wino. Ndugu yake ni PVC vilevile, lakini imetengenezwa kwa tabaka jembamba juu ya kitambaa, ina rangi na vijazio vingi. Usiitumie.

Chanzo cha karibu kuliko vyote ni chambo zako zilizokatika. Kusanya, osha chumvi na mchanga, kausha kabisa, kata vipande vidogo, yeyusha kwa moto wa polepole ukikoroga. Tenga kwa rangi, la sivyo kila kitu kinaishia kuwa hudhurungi. Na tenga kwa aina: zile zinazovutika sana na kuelea majini si PVC, usizichanganye na hizi. Kopo la kuhifadhia liwe la polipropilini au polithini. Boksi za plastiki nyingine ngumu chambo hizi huziyeyusha.

Hili lina maana zaidi ya kuokoa pesa. Kipande kilichokatika kikiachwa majini hakiozi, na kuna samaki waliopasuliwa wakakutwa navyo tumboni vimevimba. Wekeni kikopo kwenye ngalawa. Kila mkia uliokatwa na kubaki kwenye kulabu urudi nyumbani.

Fundi Chipukizi

Na ndala za zamani je? Nazo ni plastiki laini.

Kolekole wa Tanga

Hapana. Nyingi ni povu la EVA, si PVC, na hazitayeyuka vizuri, zitaungua tu. Usichome kitu usichojua kimetengenezwa na nini.

Baharia Maskati

Salamu kutoka Oman. Nakubaliana na yote, naongeza la joto. Huku kiangazi silikoni inakushikia kwenye kikombe kabla hujamaliza kuimwaga. Mimi naweka makopo yote mawili kwenye chumba chenye kiyoyozi tangu jana yake, na nachanganya alfajiri. Maandishi ya kwenye kopo yanasema dakika kwa nyuzi 23 au 25, si kwa 38.

Kolekole wa Tanga

Umesema kweli sheikh. Hata Tanga wakati wa kaskazi ni hivyo. Na ile ya bati inaharakishwa na unyevunyevu wa hewa pia, kwa hiyo mtu wa pwani apunguze nusu ya muda kichwani mwake na aandae boksi kabla ya kufungua hadena.

Sangara Mwanza

Mkuu nimerudi. Kalibu imetoka safi, nimemwaga, lakini mkia haujai. Mwili mzuri, kisahani nusu.

Kolekole wa Tanga

Hewa imekwama pale au plastiki imepoa. Angalia kwanza ile njia ya hewa kwenye ncha ya mkia, huenda imezibwa na Vaseline. Ipitishe sindano. Pili, simamisha kalibu mkia ukiwa chini, mwaga mara moja bila kusita. Tatu, fungua kalibu, mwaga kidogo kwenye upande wa mkia kwanza, ifunge haraka, kisha jaza kutoka kichwani. Kwa chambo kikubwa wengi wanatumia bomba la kusukumia la alumini. Linasukuma plastiki mpaka mkiani. Bomba la sindano la hospitali usilitumie, halihimili joto hilo.

Unafungaje kalibu?

Sangara Mwanza

Mipira ya kufungia, moja kwa moja juu ya silikoni, imekaza kweli.

Kolekole wa Tanga

Hapo ndipo. Silikoni ikibanwa hivyo inapinda, na shingo ya mkia ndiyo inayobonyea kwanza kwa kuwa ndiyo nyembamba. Weka kipande cha plaiwudi kila upande kilingane na kalibu, halafu mipira miwili mitatu ya kawaida tu. Inatosha nusu zigusane.

Na usiwe na haraka ya kufungua. Silikoni haipitishi joto kama alumini, ndani panabaki moto muda mrefu. Ukikitoa, kidumbukize kwenye maji baridi kikiwa kimenyooka, kisha kilaze mahali tambarare. Kikipoa kimejikunja kitabaki hivyo, na kitazunguka majini badala ya kuogelea.

Sangara Mwanza

Nimepitisha sindano, kweli ilikuwa imeziba. Nimeweka plaiwudi. Kisahani kimejaa chote, na shingo ina milimita 3 nikipima. Kesho asubuhi naenda nacho majini na kichwa cha risasi cha gramu 28. Nitaleta picha ya mkia unavyopiga, na kama sangara ataukata nitarudi na kipande.

Wa Mtwapa

Leta na picha ya kalibu yenyewe ikiwa wazi, tuone ulivyoweka mlango wa kumwagia. Mimi wangu nimeuweka tumboni na unaacha kovu.

Kolekole wa Tanga

Uhamishie puani. Hapo risasi itakapokaa, kovu litafunikwa.